Unga Uliotuliza Magoti kwa Siku Mbili

Mgonjwa katika kisa hiki ni mama wa miaka 61, mkazi wa Tanga, mwalimu mstaafu. Ni kisa cha kufundishia: hakuna mtu mmoja mwenye historia yote hii, lakini kila hatua yake ndivyo mambo yanavyokwenda pale unga wa maumivu ya viungo unapokuwa umechanganywa kwa siri na dawa ya hospitali. Katika visa vya namna hii lawama huangukia mitishamba ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ilhali kinachomwumiza mgonjwa hakikuota kwenye mti wowote.

Magoti yenyewe

Yalianza kumsumbua miaka minne nyuma. Yaliuma zaidi akipanda ngazi, akiinuka kwenye mkeka, na jioni baada ya shughuli za nyumbani. Asubuhi yalikuwa mazito kwa dakika kama 10, kisha yanalainika. Daktari alipoyakunja aliyasikia yakisaga. Hayakuwa na joto wala wekundu. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi ya goti upande wa ndani imepungua, na vijiba vya mfupa vimeota pembeni. Huko ni kusagika kwa magoti, si baridi yabisi wala jongo. Uzito wake ulikuwa kilo 86 kwa urefu wa sentimita 158. Presha ilikuwa 138/84, imetulizwa na amlodipini miligramu 5, na sukari kabla ya kula ilikuwa 5.6.

Diklofenaki ya vidonge ilimsaidia, lakini ikamchoma tumbo akaiacha. Ndipo wifi yake akamletea pakiti za nailoni zenye unga wa kahawia. "Wifi, hii ni miti ya Kihindi tupu, haina kemikali," akamwambia. Maelekezo: nusu kijiko cha chai asubuhi na jioni kwa maziwa ya moto. Ndani, alivyoambiwa, mna manjano, tangawizi, mzizi wa ashwagandha na utomvu wa gugulu. Pakiti haikuwa na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe.

Siku ya pili maumivu yakaisha. Si kupungua, kuisha. Alipanda ngazi za nyumba ya binti yake bila kushika ukuta, na hamu ya kula ikarudi kama ya ujana.

Kasi hiyo ndiyo dalili ya kwanza

Hapa ndipo kila anayemhudumia mgonjwa wa viungo anapaswa kusimama. Hakuna mmea katika Ayurveda unaoondoa kabisa maumivu ya goti lililosagika kwa saa 48. Utomvu wa Boswellia serrata, unaoitwa shallaki, ulijaribiwa Nagpur, India, kwa wagonjwa 30 wa goti, kwa dozi ya miligramu 333 mara tatu kwa siku, na matokeo yakapimwa baada ya wiki 8. Nchini Thailand, wagonjwa 367 waligawanywa: wengine walipewa dondoo la manjano miligramu 1,500 kwa siku, wengine ibuprofeni miligramu 1,200. Baada ya wiki 4 makundi hayo mawili yalikaribiana kwa nafuu, na waliotumia manjano hawakusumbuliwa sana na tumbo. Hata majaribio ya shallaki iliyokolezwa ambayo matokeo yake yalionekana mapema yalizungumzia siku 5 hadi 7, tena nafuu ya sehemu tu.

Nafuu inayokuja usiku mmoja, ikiambatana na hamu kubwa ya kula, kuchangamka na kukosa usingizi, ina maelezo yanayofahamika: steroidi, dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe. Mara nyingi huwa ni deksamethasoni, kwa sababu ni ya bei nafuu, kidonge chake ni kidogo, na miligramu moja tu hufanya kazi kubwa. Wakati mwingine huongezewa diklofenaki. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kama virutubisho vya asili kwa majina ya Artri King na Artri Ajo King. Maabara ilikuta dawa za namna hiyo ndani yake, na hazikuandikwa kwenye kopo.

Wiki kumi zilizofuata

Uso ulianza kuvimba mashavuni kuanzia wiki ya nne. Majirani walimsifu kwamba amenawiri. Kufikia wiki ya kumi uzito ulikuwa kilo 92, presha 164/98 ingawa hakuacha kidonge chake, sukari kabla ya kula 13.2. Mikono ilikuwa na madoa ya damu chini ya ngozi bila yeye kukumbuka kujigonga, na mdomoni kulikuwa na utando mweupe wa fangasi. Zahanati ilimwandikia dawa ya sukari na kumwongezea ya presha. Aliulizwa kama anatumia dawa za kienyeji, akajibu hapana, na kwa upande wake hakusema uongo: dawa za kienyeji kwake ni za mganga, na huu ulikuwa unga kutoka kwa wifi.

Swali linaloleta jibu ni hili: "Mama, kuna unga, mafuta, chai au kidonge chochote unachotumia kwa ajili ya magoti, hata cha kupewa na ndugu?" Kisha mwombe alete kifurushi chenyewe, si jina lake.

Kosa lililokaribia kumuua halikuwa kutumia unga. Lilikuwa kuuacha ghafla. Kijana mmoja wa familia alimwambia kwamba unga huo una dawa za kunenepesha, naye mama akautupa jalalani siku hiyo hiyo. Siku ya nne hakuweza kuinuka kitandani. Alitapika, akahisi kizunguzungu kila akisimama, na mwili mzima ukamuuma, magoti kuliko yote. Watu wa nyumbani walielewa kinyume: kwamba unga ulikuwa unamsaidia kweli na maradhi sasa yamerudi kwa hasira. Walikuwa wameshaanza kutafuta pakiti nyingine.

Sababu yake ni hii. Tezi mbili zilizo juu ya figo hutengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, kila siku, karibu kile ambacho miligramu 15 hadi 25 za haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, zingetoa. Steroidi ya nje ikiingia kwa wiki kadhaa, ubongo huacha kuziamuru, nazo hulala. Ukiikata ghafla, mwili unabaki bila ya nje wala ya ndani. Hospitalini presha ilikuwa 92/58, sukari 3.4, chumvi ya sodiamu 128, potasiamu ya kawaida. Hiyo potasiamu ni ya kuangaliwa: tezi zenyewe zikiwa zimeharibika, potasiamu hupanda, zikiwa zimelala kwa sababu ya steroidi, haipandi. Kotisoli ya saa 2 asubuhi ilikuwa nanomoli 62 kwa lita. Chini ya 100, kwa mgonjwa wa hali hii, hakuna la kusubiri.

Kipimo hicho kina mtego wake. Deksamethasoni haisomeki kwenye kipimo cha kotisoli, hivyo mgonjwa anayeendelea kuimeza ataonekana na kotisoli ya chini huku uso umevimba. Hapo jibu linaeleza tatizo vizuri. Prednisoloni, steroidi nyingine ya vidonge, ni tofauti. Vipimo vingi huihesabu kama kotisoli, na jibu likaonekana zuri wakati tezi zimelala.

Alipigwa sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa papo hapo, kabla majibu ya maabara hayajarudi, na lita moja ya dripu ya chumvi 0.9% ndani ya saa ya kwanza, kisha miligramu 50 kila baada ya saa 6. Kwa sababu sukari ilikuwa chini, aliongezewa glukosi na dawa ya sukari ikasimamishwa. Jioni aliketi akaomba uji.

Kilichokutwa kwenye pakiti

Binti yake alikuwa amebakiza pakiti tatu kabatini, na hiyo ndiyo iliyookoa uchunguzi. Sampuli zilizopelekwa maabara ya dawa zilikuwa na deksamethasoni, lakini kwa viwango tofauti: moja karibu miligramu 1 kwa nusu kijiko, nyingine nusu yake, ya tatu zaidi. Ndivyo inavyokuwa vidonge vikisagwa na kuchanganywa kwa mkono kwenye beseni. Miligramu 0.75 za deksamethasoni zinalingana na miligramu 5 za prednisoloni, kwa hiyo kwa miligramu 2 kwa siku mama huyu alikuwa anameza sawa na prednisoloni miligramu 13, kila siku, kwa wiki kumi na zaidi.

Metali nzito hazikukutwa, lakini ilikuwa lazima zitafutwe. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Ule wa mwaka 2008, wa bidhaa 193 zilizouzwa kwa intaneti, ulikuta moja katika kila tano. Nyingine ni uchafu wa udongo au mashine, lakini nyingine si ajali hata kidogo. Tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra huweka metali zilizochomwa na kusagwa, yaani bhasma, kwa makusudi.

Mfano ambao kila anayenunua dawa hizi anapaswa kuujua kwa moyo ni wa vidonge viwili vinavyokaa pamoja rafuni. Yogaraj Guggulu ni gugulu na mitishamba. Mahayogaraj Guggulu ni hiyo hiyo ikiongezewa bhasma za madini, ikiwemo naga bhasma, ambayo ni risasi, na rasa sindoor, ambayo ni zebaki. Vyote viwili vinauzwa kwa maumivu ya viungo. Soma orodha ya viambato mpaka mwisho: ukikuta bhasma, rasa, sindoor, parada au naga, rudisha kopo. Kisheria, dawa ya Ayurveda iliyotengenezwa India inapaswa kuandikwa viambato, namba ya leseni ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Unga wa kwenye nailoni hauna hata kimoja kati ya hivyo, na hilo pekee lilitosha kuukataa.

Tabibu wa Ayurveda mwenyewe angefanya nini

Jambo linalosahaulika ni kwamba Ayurveda haina unga mmoja wa viungo vyote. Inatofautisha sandhivata, ambayo inafanana na kusagika. Amavata, inayofanana na baridi yabisi, viungo vikiwa na joto, uvimbe na ugumu mrefu wa asubuhi. Na vatarakta, inayofanana na jongo. Matibabu yanapishana, na mahali pengine yanapingana. Goti kavu linalosaga huchuliwa kwa mafuta ya ufuta yaliyopikwa na mitishamba. Hufanyiwa pia janu basti: pete ya unga wa choroko nyeusi uliokandwa inazungushwa juu ya goti, kimo cha vidole viwili, kisha mafuta ya uvuguvugu yanamiminwa ndani na kubadilishwa yakipoa, kwa nusu saa. Kiungo cha amavata chenye joto na uvimbe hakichuliwi kwa mafuta. Hukandwa kwa joto kavu: mchanga safi unakaangwa, unafungwa kwenye kitambaa cha pamba, unabonyezwa taratibu. Anayechua mafuta kiungo chenye moto anakosea hata kwa vipimo vya Ayurveda yenyewe. (Mwenye sukari aliyepoteza hisia miguuni asikandwe mchanga, ataungua bila kujua.)

Kwa hiyo mtu anayeuza unga mmoja kwa kusagika, baridi yabisi na jongo hafanyi Ayurveda, anatumia jina lake.

Mpango uliofuata

Aliruhusiwa kutoka na haidrokotisoni ya vidonge: miligramu 10 akiamka, 5 mchana, 5 saa 10 jioni. Alipewa kadi ya kutembea nayo inayosema kwamba anategemea steroidi. Akipata homa anaongeza dozi mara mbili kwa siku za ugonjwa. Akitapika asiweze kumeza, anakwenda kuchomwa sindano, hangoji asubuhi. Daktari wa meno na wa upasuaji lazima waambiwe. Presha na sukari zilishuka taratibu, na dawa ya sukari haikuhitajika tena baada ya miezi mitatu, ingawa kilo sita alizopata ziliondoka nusu tu.

Magoti yakabaki kama yalivyokuwa mwanzo. Alitaka bado kutumia mitishamba, na hakuna sababu ya kumkatalia. Kanuni iliyowekwa ni mmea mmoja kwa wakati mmoja, wenye jina na dozi, kwa muda maalumu, na kipimo kabla na baada. Bila hivyo hakuna anayejua nini kimesaidia wala nini kimedhuru.

Iliyochaguliwa ni shallaki, miligramu 333 mara tatu kwa siku, wiki 8, baada ya chakula chenye mafuta kidogo, kwa sababu asidi za bosweli zinafyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Asidi hizo hupunguza kazi ya kimeng'enya cha 5-lipoksijenasi kinachotengeneza kemikali za uvimbe, njia tofauti na ya diklofenaki, ndiyo maana haichomi tumbo kwa namna ile. Wengi wa pwani huuliza kama ubani wa kufukiza unaweza kushika nafasi yake, maana nao ni utomvu wa Boswellia. Jibu ni hapana. Ubani wa madukani Mombasa na Unguja hutoka zaidi Somalia na ni wa miti mingine ya jamii hiyo. Ule uitwao maydi, wa Boswellia frereana, hauna asidi za bosweli za kuhesabika. Kuuloweka ubani usiku na kunywa maji yake hakubadilishi kitu, kwa kuwa asidi hizo haziyeyuki vizuri majini.

Vilivyokataliwa vilikataliwa kwa sababu zake. Gugulu huweza kuharakisha kuvunjwa kwa baadhi ya dawa. Imeonyeshwa kushusha kiwango cha diltiazemu na propranololi kwenye damu. Kwa mtu ambaye presha yake ndiyo kwanza inatulia, haifai kubahatisha. Isitoshe, Commiphora wightii, mti wenyewe, uko hatarini kutoweka porini India, na uhaba huo unavutia utomvu wa bandia. Ashwagandha inagusa sukari na tezi ya shingo, na imehusishwa na kuumia kwa ini. Urukususu, ambao huwekwa kwenye mchanganyiko mwingi ili kuupa utamu, hupandisha presha, hushusha potasiamu na hurefusha kazi ya haidrokotisoni mwilini. Kwake huyu ulikuwa mwiko.

Manjano yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa zaidi na ndiyo yanayoeleweka vibaya zaidi. Manjano ya unga yana kukumini karibu asilimia 3. Kijiko cha chai, gramu 3 hivi, kina miligramu 90. Anayetaka kufikia miligramu 1,500 za kukumini kwa unga wa jikoni angekula gramu 50 kwa siku, vijiko 16 au 17. Hakuna anayefanya hivyo, na hana haja: manjano ya mchuzi na maziwa ni chakula, aendelee nayo. Ya vidonge ni kitu kingine. Yakichanganywa na kiini cha pilipili manga, piperini, kukumini inayoingia kwenye damu huongezeka sana. Jaribio la mwaka 1998 lilikuta mara 20. Piperini hiyo hiyo huongeza pia dawa nyingine mwilini, kama fenitoini na propranololi. Mtandao wa Marekani unaofuatilia ini linaloumizwa na dawa umeeleza wagonjwa 10 wa manjano ya vidonge. Watano walilazwa na mmoja alifariki. Saba kati ya hao walikuwa na alama moja ya kurithi, HLA-B*35:01, hivyo kwa wengi hatari ni ndogo, lakini hakuna anayejua alama yake kabla ya kumeza. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, macho yakigeuka manjano, au kichefuchefu kikizidi, vidonge vinasimama siku hiyo na ini linapimwa.

Pamoja na shallaki aliwekewa mazoezi ya paja: kukaa kwenye kiti, kunyoosha goti, kushikilia kwa sekunde 5, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Na jeli ya diklofenaki ya kupaka, ambayo haipiti tumboni. Vipimo vilikuwa viwili: maumivu kwa alama 0 hadi 10 anapopanda ngazi zile zile za binti yake, na mara ngapi anainuka kwenye kiti ndani ya sekunde 30 bila kushika.

Mwanzo: maumivu 7, kuinuka mara 8. Baada ya wiki 8: maumivu 5, kuinuka mara 11. Hatuwezi kusema ni kiasi gani kimetoka kwenye shallaki na kiasi gani kwenye paja lililopata nguvu. Aliisimamisha wiki 3 huku mazoezi yakiendelea, maumivu yakapanda hadi 6, akaomba arudie. Alirudia. Hiyo ndiyo sura ya nafuu ya kweli ya mitishamba kwa goti lililosagika: alama mbili, miezi miwili. Aliyewahi kuonja siku mbili za deksamethasoni huiona ndogo, na ni lazima aambiwe mapema ili asirudi kwenye nailoni.

Wengine wanaotumia unga ule ule

Wifi na jirani wawili walikuwa kwenye pakiti hizo hizo. Hawakuambiwa watupe. Waliambiwa waendelee na kiasi kile kile kwa siku hiyo na kesho yake, waje kliniki na unga wote uliobaki ukiwa kwenye mifuko yake ya asili, usiochanganywa, kila mfuko umeandikwa tarehe uliyonunuliwa. Kliniki ilipima presha, sukari, sodiamu na potasiamu, kisha ikabadilisha unga kwa prednisoloni ya kipimo kinachojulikana, inayopunguzwa polepole. Jirani mmoja alikuwa ametumia kwa siku 9 tu na aliachishwa bila tatizo. Wifi, aliyetumia miezi 14, bado anapunguziwa. Kotisoli yake ya asubuhi, iliyopimwa saa 24 baada ya dozi ya mwisho, haijavuka 150, na hataachishwa kabisa mpaka ivuke 300.